Birika la Kahawa la Kata ya Mlimani

Sogezeni viti karibu, wanangu, wewe Dale upande huu na wewe Taimi upande wa dirisha, na mmoja wenu azime hiyo televisheni, maana kwa pumzi niliyobaki nayo sitaki kushindana na mtangazaji. Signe, mjukuu wangu, kaa hapa miguuni. Daktari amesema yake, nimemsikia, wala sina ugomvi naye. Nimeishi vya kutosha, nimemzika mume, nimewalea nyie wawili hapa hapa Duluth, Minnesota, juu ya mlima huu wa upepo, na nimekuwa mwenyekiti wa chama wa kata hii tangu Taimi akiwa na mapengo mdomoni. Akili yangu ni nzima. Kwa hiyo msinikatize, msinibembeleze, na Taimi, usinishike mkono kama unanipima mapigo, leo wewe ni mwanangu, si nesi.

Nianze na vitu, maana ndivyo vyepesi. Nyumba hii ni ya Taimi, kwa kuwa ndiye aliyerudi kukaa nami na kukoroma kwangu. Dale ana yake kule chini, yenye gereji kubwa kuliko sebule yangu, basi achukue mashua ya baba yenu, na bunduki, na zile zana ambazo nimemkatalia kila Krismasi. Kibanda cha ziwani pamoja na sauna yake ni chenu wote wawili, bila kugawana na bila kuuziana, na wakili ameshaandika hivyo. Mkinuniana, nunianeni mle ndani, kwenye benchi moja, mmejifunga taulo na jasho linawatoka, tuone mtafika wapi.

Limebaki birika. Lile kubwa la umeme lililo stoo, ambalo limepikia kahawa kila mkutano wa kata tangu enzi za baba yenu. Hilo nitalisema mwishoni.

Sasa nisikilizeni, kwa sababu Jumanne ni mkutano wa kata, na Taimi ameshatangaza kwa jirani, kanisani na hospitalini kwamba haendi. "Mimi na chama hiki basi, Mama," ndivyo ulivyoniambia ukiwa umeshika kijiko cha supu yangu. "Wanatuita wakati wa kugonga milango kwenye baridi. Tukishawashindisha, wanatuambia tusubiri." Siku ile supu ilikuwa mdomoni. Leo nakujibu, na jibu langu ni kwamba una haki ya kila neno. Mheshimiwa Engebret, mbunge wetu wa chama hiki hiki, alikaa jikoni kwangu, akala mkate wangu wa iliki, akaapa kwamba nesi hatapewa tena wagonjwa wengi kuliko anaoweza kuwahudumia. Siku ya kuipigia kura bungeni sheria hiyo ya kuwalinda manesi, wenye hospitali walipomkazia macho, Mheshimiwa akatoka nje kwenda koridoni hadi ikaisha. Kisha akanipigia simu. "Lempi, elewa mazingira." Nikamwambia, "Mheshimiwa, mazingira ya Minnesota nimeishi nayo tangu nizaliwe, theluji hadi kwenye madirisha, na sijawahi kujificha koridoni." Akakata simu. Iliniuma, na inaniuma hadi leo, kwa sababu nilikuwa nikikuona unavyorudi asubuhi, Taimi, ukikaa kwenye gari nje bila kushuka.

Na wewe Dale, usitazame viatu. Unafanya kazi kwenye ofisi ya Mheshimiwa huyo na sijakuonea haya hata siku moja, kazi ni kazi. Lakini umekuwa ukisema subira tangu ulipoanza kuvaa tai. "Tukiwasukuma sana wakubwa wetu, Mama, upande wa pili watashinda." Mwanangu, upande wa pili wameshinda mara ngapi tukiwa tumekaa kimya na adabu zetu? Anayewasukuma hawa wakubwa ndiye anayekipenda chama. Baba yenu alisimama kwenye mgomo wa reli kwa ajili ya chama hiki, ndevu zimeganda barafu, hakukaa mezani na wenye reli kuwauliza wanaonaje.

Signe, hii ni kura yako ya kwanza na mkutano uliopita hukuwepo, kwa hiyo nakueleza wewe, mama yako na mjomba wako watanivumilia. Sisi kwenye mkutano wa chama hatutii karatasi kwenye sanduku. Tunatembea. Mtu anaandika jambo analolisimamia, anabandika karatasi yake ukutani, na wanaokubaliana naye wanakwenda kusimama chini yake. Kundi lililotimiza idadi linapata wajumbe, na hao wajumbe ndio wanaompitisha mgombea. Lisilotimiza lijiunge na lingine kabla filimbi haijalia, la sivyo watu wake wanarudi nyumbani mikono mitupu. Naupenda utaratibu huu, kwa sababu kila mtu anaonekana aliposimama na jirani yako hawezi kuja kukudanganya baadaye.

Basi mara ya mwisho watu wetu walijaa bwalo la shule hadi madirisha yakatoka jasho. Nikasema moyoni, leo Harlan Voss amekwisha. Voss ndiye mwenyekiti wa wilaya, mtu wa Engebret, na hakuna mgombea aliyewahi kupita bila yeye kukubali. Lakini watu wetu kila mmoja alikuja na karatasi yake. Wa maji safi ya ziwa wakasimama kwenye friji la maziwa, manesi chini ya saa, walimu mlangoni, watu wa reli na bandari karibu na jukwaa, na vijana wa chuo wakaandika maneno mengi hata gundi ikashindwa kuyashika. Wote walimtaka mgombea yule yule, Maren Tollefsrud, nesi mwenzake mama yako. Wote! Nikazunguka kundi hadi kundi nikiwasihi waungane. "Mama Lempi, sisi maji hatuwezi kuyaacha." "Waje wao kwetu, kwani sisi tuna ukoma?" Na mama yako, mikono kiunoni, "Manesi tumeshasimama nyuma ya watu vya kutosha." Kule pembeni Voss na watu wake wamekaa chini ya karatasi moja, imeandikwa Engebret tu, naye anakunywa kahawa yangu taratibu. Filimbi ikalia. Kundi hili limepungukiwa na watu wachache, na lile hivyo hivyo, na lile. Tulikuwa wengi kuliko wao mara mbili na hatukupata mjumbe hata mmoja.

Nyie mnasema waliiba, na nimewasikia mkiapa hivyo mezani kwangu. Hawakuiba. Wakubwa wa chama chetu si werevu hivyo, ninawajua mmoja mmoja, wengine niliwapeleka shule nilipokuwa dereva wa basi, wakiwa na kamasi. Wanachojua ni kukaa pamoja na kungoja sisi tutawanyike. Hilo tu, na sisi tunaweza kulijifunza kwa jioni moja.

Nipe maji kidogo. Haya, yatosha.

Juzi, nyie mkiwa kazini, Voss alikuja kuniona. Hamkujua? Kaleta ua kwenye chungu, lile pale, kavua viatu mlangoni kama mtu mwenye adabu. "Umependeza, Lempi." "Acha uongo, Harlan, nimebaki pua." Tukacheka, maana tumefahamiana muda mrefu. Halafu akakohoa, nikajua ameanza. "Hicho kiti chako cha kata. Mpwa wangu Todd yuko tayari kukishika, kisije kikakaa wazi." Nikamwambia kiti kina watu. "Watu gani, Lempi? Taimi kasusa, mji mzima unajua, na wenzake wamesusa naye. Jumanne watakaa nyumbani. Hata viti nimeagiza vichache."

Umesikia, Taimi? Ameagiza viti vichache. Hasira yako yote ile, mlango unavyoubamiza, yule mzee ameiweka kwenye hesabu zake na inamfaa kabisa. Hakuogopa hasira yako. Alikuja kuhakikisha bado ipo. Nami nilimwongezea mkate tu, akaenda zake ameridhika.

Msimchukie. Namdai mengi lakini kuna moja ananidai yeye, kwamba usiku wa dhoruba ya theluji baba yenu aliposhikwa na moyo, Voss ndiye aliyetoka na katapila lake kutufungulia njia hadi hospitali. Akifiwa, mpelekeeni chakula. Akianguka kwenye barafu, mwinueni. Kiti cha kata msimpe.

Sasa nawaagiza. Taimi, kiti ni chako, na utakigombea Jumanne mbele ya watu kama nilivyokigombea mimi. Kabla ya hapo wapigie simu wa maji, walimu, watu wa reli na hata wale vijana, uwaambie karatasi ni moja na juu yake ni jina la Maren, basi. Uwaambie kwa upole. Ukianza kuweka mikono kiunoni, nikumbuke mimi uishushe. Dale, sikuambii uache kazi. Nakuambia uende bwaloni, Engebret akiwa anakuangalia, ukasimame unapopaamini. Ukisimama na Voss kwa kuamini, wewe bado mwanangu na mashua ni yako. Lakini usikae koridoni. Wa nyumba hii hawakai koridoni.

Nikifa kabla ya Jumanne, asibaki mtu nyumbani kunililia. Ardhi imeganda, hawanichimbii kaburi hadi theluji iyeyuke, mnajua wenyewe. Nitangoja kwenye chumba cha maiti na wenzangu hadi Aprili, baridi nimeizoea. Mkutano haungoji.

Nami sina wasiwasi, wanangu. Nimeliona bwalo lile likijaa. Watu wale bado wapo, wamechoka, wamekasirika, wako majumbani mwao wanangoja mtu awapigie. Chama hiki ni chetu, tumekijenga kwa miguu yetu kwenye theluji, na tutakichukua. Najua hivyo kama ninavyolijua ziwa hili...

Nimechoka sasa. Mungu awalinde njiani... barabara ya mlima inateleza, Dale, endesha polepole. Awape afya. Awape watu wa kucheka nao. Signe, awe nawe... ukipaza sauti, usitetemeke.

Birika... nilisema nitalisema. Birika ni la mwenyekiti. Anayelibeba ndiye... Mfuniko wake umelegea, ushikilie. Lijaze hadi juu. Juu kabisa, si nusu kama anavyotarajia yule...

Nani yuko stoo? Nasikia mfuniko unagongagonga. Taimi? Ni wewe?

Haya. Haya, mwanangu, libebe. Viti havitatosha... mtasimama.