Shangazi Spana na Baiskeli ya Kaboni

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo sina wimbo wa kufungulia. Namkumbuka mtu mmoja tu, Shangazi Spana, fundi wa baiskeli. Tulimzika juzi, akiwa na miaka hamsini na minane. Ni moyo, ndivyo walivyosema madaktari. Mimi nina yangu ya kusema kuhusu huo moyo, lakini twende polepole.

Karakana yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la rangi. Mlango wa bati, meza iliyolowa grisi, spana zimepangwa ukutani kwa ukubwa. Ukirudisha spana mahali si pake utamsikia: "Wewe, kwenu vijiko mnaweka chooni?" Mumewe, fundi cherehani, alizoea kuniambia, "Bwana mtangazaji, mimi nyumbani naamrishwa hata na sanduku la spana."

Shangazi alitaka kitu kimoja maishani. Baiskeli ya mbio ya kaboni, nyepesi, ambayo muuguzi au mwalimu anaweza kuimudu. Narudia: ya kaboni, na ya bei ya mtu wa kawaida. Watu walimcheka, wakasema kaboni ni ya watoto wa wakubwa. Yeye akaanza kuagiza vipuri nje, kimoja kimoja. Fremu ilikuja peke yake. Uma wa mbele ukafika baada ya miezi miwili. Gia, breki, ringi, kila kitu na boksi lake. Ile fremu aliigonga kwa sarafu kutoka mwanzo hadi mwisho, sikio amelitega. Ikilia ka-ka-ka, ni nzima. Ikilia bu, ina ufa, irudi ilikotoka.

Kisha beringi za pedeli zikakataa. Tundu la fremu kubwa, beringi ndogo. Alikuwa amesoma kipimo vibaya, na alikiri mwenyewe: "Macho yangu haya, na miwani naiacha nyumbani kwa maringo." Akaenda kwa fundi wa kukereza vyuma, akachongewa bushi ya shaba ya kuziba ile nafasi. Siku ya kuipachika nilikuwepo. Nilikwenda kumhoji, nikajikuta nimepewa kazi. "Weka maiki chini, shika fremu!" Nikashika. Bushi ikaingia sawasawa. Tukapiga makofi sisi wawili kama wehu.

Baiskeli hiyo alimpa mtoto wa kaka yake, binti aliyemlea tangu ana miaka sita, sasa mwendesha baiskeli wa mashindano. Alimpa sharti moja: "Ukishinda, sema tu imetoka wapi. Basi." Alikuwa ameshaagiza fremu nyingine tatu, akisubiri wateja waje wakishasikia. Na binti alishinda. Jamani, alishinda kwa mbali!

Wiki ile ile duka kubwa la baiskeli likamfuata na mkataba. Likabandika stika zake juu ya kazi ya Shangazi. Halafu binti akaja studio hii hii, kwenye kipindi hiki hiki, akaiegemeza baiskeli hapo ukutani. Nikamwuliza, hii imetoka wapi? Akasema, "Nilipewa na duka." Hata jicho hakupepesa.

Na mimi niliiona ile bushi ya shaba. Nikasema, "Hongera sana, sasa tupate muziki."

Shangazi alikuwa karakanani na waendesha baiskeli saba aliowaita waje kusikiliza. Mumewe anasema hakulia. Alizima redio, akawaambia, "Haya, nendeni mkafanye kazi." Wateja wakaenda dukani. Zile fremu tatu bado zinaning'inia ukutani. Nimeziona kwa macho yangu. Miaka miwili! Na kila aliposema ile baiskeli ni kazi yake, kuna watu walimwita mwongo usoni.

Msibani binti alisemwa sana. Shukrani ya punda ni mateke, walisema. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema. Nami nikatikisa kichwa pamoja nao, mnafiki mkubwa mimi. Nikamwambia mumewe, "Pole mzee wangu. Mtoto alimsaliti aliyemlea."

Akanitazama, akasema, "Mtoto, mke wangu alishamsamehe mwaka ule ule. Alisema yule ni damu yake, na mkataba ulimtia tamaa. Aliyemwumiza ni wewe. Kila mara alisema, 'Mtangazaji aliishika fremu kwa mikono yake. Angesema neno moja tu.'"

Neno moja, wasikilizaji wapendwa. Sikulisema, kwa sababu duka lile ndilo linalodhamini kipindi hiki. Hadi leo. Tangazo lao mmelisikia kabla sijaanza kuzungumza.

Haya, nalisema sasa. Baiskeli ile iliundwa na Shangazi Spana. Narudia: iliundwa na Shangazi Spana, na duka halikukaza hata skrubu moja. Nilijua, nikanyamaza.

Kwa mzee wetu fundi cherehani, kwa binti, kwa waendesha baiskeli wote, poleni sana. Mungu ampumzishe fundi wetu. Na wewe unayenisikiliza, kama unamjua mtu ambaye kazi yake imepewa jina la mwingine, mtaje leo, angali anasikia. Mimi wangu hanisikii tena.