Enos Hiribae na Mlima Alioupiga Picha Alfajiri

Ndugu, jamaa na majirani mliofika hapa Ndera, familia inaomba mtulie msikie maisha ya Enos Hiribae, kwa kuwa mengi yamesemwa tangu alipofariki, na si yote ya kweli.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1988 papa hapa Ndera, mtoto wa tatu wa mzee Johnson Hiribae na mama Binti, wakulima wa kando ya mto, akamaliza darasa la nane mwaka 2003, na kwa kuwa mafuriko yalikuwa yamechukua migomba yote, masomo yakaishia hapo.

Mwaka 2007 alianza kazi Garsen katika studio ya Bwana Jarso, akipiga picha za vitambulisho, na Bwana Jarso ndiye aliyempa kamera yake ya kwanza. Mwaka 2014 alitaka kuona maji ya mto wetu yanakotoka, akaenda Mlima Kenya, na tangu hapo kila Februari alirudi huko, akipanda gizani ili jua linapogusa kilele limkute tayari. Picha hizo alizitundika studio, na wateja walimcheka, "Enos, huu mlima nao unaomba kitambulisho?" naye akiwajibu, "Ndiyo, na haupepesi macho kama wewe."

Tarehe 9 Desemba 2017 alifunga ndoa na Dinah kanisani Garsen, wakajaliwa Hope mwaka 2018 na Nicholas Juni 2024, na nepi za wote wawili alizifua yeye, mchana, watu wakiona.

Tarehe 18 Februari 2025 alirudi kutoka mlimani akikohoa, mwili unachemka, na kwa kuwa huku kwetu kila homa ni malaria, Dinah alimnunulia dawa za malaria dukani, zilipokwisha bila nafuu zahanati moja ikampa nyingine bila kumpima, na kila aliposema kifua kinamchoma, Dinah alimjibu, "Ni malaria hiyo, baba Hope, vumilia." Siku ya saba alifikishwa hospitali ya Malindi, ambako daktari alikuwa wa kwanza kuuliza mgonjwa ametoka wapi. Ilikuwa nimonia, mapafu yote mawili, naye alifariki tarehe 27 Februari.

Wapo wanaosema mlima ndio uliomuua, na wengine, hata ndani ya ukoo, kwamba alijitakia kwa kufuata picha zisizo na watu. Dinah, aliyeandika maneno haya, ameomba isomwe wazi kwamba mlima haukumuua. Aliugua ugonjwa unaotibika, akauguzwa nyumbani kwake, na aliyelala karibu naye hakumsikia alipotaja kifua.

Familia inamshukuru daktari yule, aliyeketi kitandani akaeleza bila haraka, Bwana Jarso aliyefunga studio akakesha nasi, na jirani yetu Kadii, aliyemnyonyesha Nicholas pamoja na mwanawe siku mbili mama yake akiwa hospitalini. Inamshukuru pia mama Binti, ambaye mpaka leo hajamlaumu mkaza mwanawe hata kwa neno moja, na afadhali angelaumu.

Pumzika, baba Hope, kwa amani ambayo hukuipata siku zile nyumbani.