Kompyuta Iliyovishwa Kitambaa

Benchi la Loise la kahawa limeegemea ukuta wa ofisi ya chama cha wakulima, mjini Machakos, na hakuna jambo la ofisini lisilofika hapo kabla kikombe hakijapoa. Asubuhi hiyo aliyefika ni karani mwenyewe, Wayua, laptopu ya kazi kwapani na hasira puani. Orodha ya wakulima wa Mwala watakaopewa matangi ya maji ilitakiwa itumwe kabla ya saa sita. Sasa ilikuwa saa nne, na skrini ilikuwa nyeusi kama sufuria ya kupikia muthokoi.

— Mwezi mzima nawaambia wakubwa inajizima, wananiambia nivumilie. Kwani hii ni ndoa?

— Ni jua, alisema Kyalo, fundi wa redio, anayeitwa Profesa. Hiyo ni mashine ya nchi baridi. Ifunge kwa kivuli kama mbuzi.

— Jua gani? alidakia Masila, ambaye benchi humwita Katekista. Ni majina yetu. Makau, Mbula, Mwendwa, Masila! Herufi M imepigwa mpaka ikaitisha mgomo. Kikulacho ki nguoni mwako.

— Hao wahenga wako walikuwa na laptopu? alisema Wayua. Orodha niko nayo kwa flashi, hapa shingoni. Sina mashine tu.

— Si uende saiba, ukodi kompyuta ya huko? alisema Profesa.

— Na namba za vitambulisho vya watu wote hao? Nimwachie nani, wewe?

— Si mko na ile ya akiba? aliuliza Loise.

Benchi zima liligeukia mlango wa ofisi kwa heshima. Kompyuta ya akiba ilikaa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cheupe alichokifuma mweka hazina, kama redio ya sebuleni. Ilipoletwa iliombewa, ikafunikwa, na kila Ijumaa Wayua aliipangusa vumbi.

— Ile haiguswi, alisema Katekista. Akiba haiozi.

— Ukiitumia leo, kesho utaikuta imechoka, Profesa akaongeza. Mimi niko na redio miaka saba, haijawahi kusema neno. Safi kabisa!

Mama mmoja alikuwa amesimama kando, kitambulisho mkononi, vumbi la Mwala viatuni.

— Samahani. Naitwa Ndila, nimekuja kuangalia kama niko kwa orodha. Hiyo ya akiba, iliwashwa lini mara ya mwisho?

Tangu iombewe haikuwa imewashwa hata siku moja. Wayua alijihesabia makosa: mwezi mzima amewagombeza wakubwa, na dawa iko juu ya kabati, naye anaipangusa chupa.

Aliingia ofisini, akatoka nayo. Profesa alivuta waya wa stima kutoka kibandani kwake. Mashine ilinguruma, ikanyamaza, ikaandika kwamba inajisasisha: asilimia mbili. Kahawa ilizunguka mara tatu. Saa tano na nusu ilikuwa imefika tisini, na hakuna aliyethubutu kutoa nadharia.

Saa sita kasorobo ikafunguka, Wayua akachomeka flashi.

— Ndila... namba arobaini na moja. Uko, mwaitu, mama yetu.

Orodha ikaenda.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema Katekista, na kwa mara ya kwanza methali yake ilipata pa kukaa. Kisha akanyoosha kitambaa aivishe tena mashine.

Wayua alimpokonya, akakitandaza juu ya mandazi ya Loise.

— Hayo ndiyo ya kufunikwa. Hii itafanya kazi kila Ijumaa.