Vitambaa vya Naomi Kitundu

Nani kati yenu amechukua vitambaa vya marehemu?

Nauliza kabla hata ya kusoma tarehe ya kuzaliwa kwenye wasifu, mchungaji anisamehe, kwa sababu tangu juzi nimeuliza jikoni, nimeuliza kwenye turubai la wanaume, nimeuliza hadi kwenye kikao cha kamati, na kila niliyemuuliza amenijibu "pole na msiba", kana kwamba hilo ni jibu.

Marehemu, Dkt. Naomi Kitundu, shangazi yangu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1950 hapa Kinampanda, mtoto wa pili wa Mzee Eliya na Mama Rahabu Kitundu, akitanguliwa na baba yangu na kufuatiwa na shangazi Hana, huyu aliyekaa karibu na jeneza. Alianza shule mwaka 1958, akasoma hapa, kisha Kiomboi, kisha Dodoma, na mwaka 1971 akaingia Chuo Kikuu, Dar es Salaam, kusoma historia, jambo ambalo babu aliliridhia kwa kuwa alidhani historia ni ya machifu na marais.

Haikuwa ya marais. Mwaka 1976 alianza utafiti wa nakshi za vibuyu vya Wanyiramba na Wanyaturu, vya maziwa na vya pombe, wenzake wakamwita Daktari wa Vibuyu wakidhani wanamtania, naye akaitika. Alizunguka Ulemo, Misigiri na vijiji vingine ambavyo gari halikufika, na kwa kuwa karatasi ukiizungusha kwenye tumbo la kibuyu hukunjamana ikachanika, alibuni njia yake mwenyewe, akawa analowesha kitambaa cheupe cha marekani, anakivuta juu ya kibuyu na kukiacha kikauke kikiwa kimekamata, kisha anakisugua kwa mkaa, na kila mchanjo unajitokeza kama ulivyotoka mkononi mwa aliyeuchora.

Tarehe 9 Desemba 1978 alifunga ndoa Kiomboi na Ndugu Raymond Mpinga, fundi wa reli, mume aliyembebea vibuyu miaka yote bila kuuliza vina faida gani, hadi alipotutoka mwaka 2004, na walijaliwa mtoto mmoja, Noel, tuliye naye hapa, ambaye utotoni aliamini kwenye kamba ya nguo ya kila nyumba huanikwa matambara yenye mkaa.

Alifundisha chuoni hadi alipostaafu mwaka 2010, akarudi Singida mjini, akaanza kupanga kazi yake, kadi, picha na madaftari, kwa sababu maktaba ya chuo kimoja Dodoma ilikuwa imekubali kuvihifadhi, na mtunza nyaraka wao, Bwana Tarun Ladha, mtoto wa Singida mjini mnayemjua tangu akiuza sukari dukani kwa baba yake, yuko hapa leo, na gari lake lile pale limeshapakiwa maboksi. Tatizo ni kwamba kila kadi imeandikwa "tazama kitambaa", na vibuyu vyenyewe vimepasuka, tumehamia kwenye madumu. Bwana Tarun ni mpole, ila aliniambia wazi, "Dada Pendo, kadi bila vitambaa ni kusimuliwa harufu ya mchuzi."

Tarehe 20 Januari 2024 marehemu alipatwa na kiharusi, mkono wa kulia ukagoma, akaendelea kupanga kadi kwa wa kushoto, na mwezi Aprili mwaka huu, sauti ikiwa imebaki kidogo, alinivuta karibu akasema, "Mimi nifanyeni mtakavyo. Vitambaa vifike." Alifariki hospitalini Singida, Jumatatu tarehe 9 Juni 2025, alfajiri.

Tulimfanya tulivyotaka. Kamati ilimchagulia jeneza hili mnaloliona, lenye kioo na vishikio vya dhahabu isiyo dhahabu, pana kiasi cha kumtosha mkuu wa wilaya pamoja na mlinzi wake, ingawa shangazi alikuwa mwembamba kama ufito, na niliposema hivyo, Mzee Shamte, jirani yetu na mwenyekiti wa kamati, alinijibu, "Msomi hazikwi kwenye boksi la sabuni." Jumanne wakati wa mchana akina mama walikwenda hospitalini kumvika, na jioni hiyo nikakuta sanduku la bati lililokuwa chini ya kitanda chake, sanduku la vitambaa, liko tupu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Singida, hasa Bi Chiku aliyempikia uji tangu augue, wenzake wa chuo waliosafiri kutoka mbali, na akina mama, wakiongozwa na shangazi Hana, waliomwosha, wakamvika na kumlaza vizuri hata kutoka Misigiri kuja huku, na mnaijua njia, hakutikisika.

Umebaki mstari mmoja, wa kumtakia apumzike, na sitausoma. Siwezi kumwambia mtu apumzike wakati kazi yake haijulikani ilipo, kwa hiyo kaburi litasubiri, Bwana Tarun atasubiri, na wali utapoa.

Tulieni kidogo, shangazi Hana amesimama. Shikamoo, shangazi. Sema kwa sauti, na wa nyuma wasikie.

"Marahaba. Niliogopa ulimi wako, Pendo, ndiyo maana nikanyamaza. Jeneza lilikuwa kubwa, dada anateleza huku na huku, nikaona aibu afike kwao kama mzigo uliofunguka kamba. Nikarudi nyumbani kwake, nikaona matambara yake ya mkaa, nikajua ya kazini, yamekwisha kazi. Ulipouliza, kifuniko kilikuwa kimeshapigwa skrubu. Vimo humu. Nimemkaza navyo pande zote, na kimoja kiko chini ya kichwa. Mimi ndiye niliyeviweka. Mkimaliza kunisema, leteni bisibisi."