Kanda ya Kapera

Bibi Dominika hujigamba kwamba hasikilizi maongezi ya watu. Labda, huongeza mwenyewe, wakikaa kiti cha mbele yake. Katika basi la Masasi, mbele yake Salmini alipakata redio kaseti akimsikilizisha Pili, waliyefahamiana naye kituoni Newala, kanda ya nyimbo azipendazo.

"Anayepiga malimba ni nani?" akauliza Pili. "Mjomba wangu wa Chilangala. Nilimrekodi nyumbani kwangu." "Kwako na nani, kaka? Mimi ukewenza siuwezi." "Peke yangu, dada. Kapera mimi."

Malimba yakanyamaza. Humo kandani mwanamke akaita, "Baba Faidha, karibuni chakula!"

"Jirani huyo, anamwita mumewe," Salmini akasema haraka.

Basi likasimama Mkomaindo. Salmini akiinamia mzigo wake, Bibi akaita taratibu, "Baba Faidha!"

"Naam, bibi?" akaitika Salmini.