Seline Nabututu, Aliyetufundisha Kutuliza Moto wa Akili

Baada ya miaka thelathini na mitatu katika idara ya fiziotherapia ya hospitali yetu hapa Kisumu, Mama Seline Nabututu anastaafu Ijumaa, tarehe 29 Agosti 2025.

Alikuja akiwa na miaka ishirini na saba, akapanga chumba mtaa wa Manyatta, na haraka yake ikajulikana kila wodi. Wagonjwa walimwita Mama Mbio.

Mwaka 2009 tulimpokea Daktari Shen, mgeni kutoka China aliyekaa nasi miaka miwili. Ndiye aliyemfundisha Mama Seline alkemia ya ndani, mazoezi ya kale ya Watao, wafuasi wa falsafa ya Kichina ya Tao. Alkemia inayojulikana ni ule ufundi wa kale wa kugeuza madini kuwa dhahabu, lakini humo hakuna dhahabu inayoyeyushwa. Mwili ndio jiko, pumzi ndiyo upepo wa kuchochea, na akili ndiyo moto wenyewe. Ikitangatanga, moto unazimika; ikilazimishwa, unaunguza. Kazi ni kuishusha hadi chini ya kitovu na kuiacha itulie pale bila kulala.

Mwanzoni Mama Seline aliilazimisha. Alikunja uso wiki nzima akaishia kuumwa na kichwa, na Daktari Shen akamwambia, "Mama, umeweka kuni nyingi. Punguza." Siku nyingine, alikiri mwenyewe, akili ilitoroka hadi ufukweni Asembo Bay kununua dagaa wa omena. Ilimchukua zaidi ya mwaka kuizoesha kukaa.

Mwaka 2013 alianza kuwafundisha wagonjwa wa mapafu, na baadhi yetu tukaogopa. Tulisema analeta mapepo hospitalini. Tuliandika barua ya malalamiko, na saini ya tatu ni yangu. Bodi ikamwita. Angeweza kufutwa kazi.

Kasisi Wechuli, mwenyekiti wa kikao, alimuuliza wagonjwa wanamwomba nani wakifumba macho.

"Kila mtu na Mungu wake, Baba," alijibu. "Mimi nawafundisha tu akili isikimbie ikaacha pumzi nyuma. Njoo ukae nasi uone."

Kasisi akaenda. Alikuwepo siku Mzee Ondiek, seremala wa Bondo ambaye vumbi la mbao lilikuwa limemharibia mapafu, aliposhindwa kupumua. Muuguzi alimwekea oksijeni, lakini hofu ilizidi kumkaba. Mama Seline aliweka kiganja tumboni mwa Mzee. "Usipigane nayo, Mzee. Leta akili hapa, chini ya mkono wangu." Mabega yakashuka. Pumzi ikarefuka.

Kasisi aliiambia bodi maneno machache: "Nimeona mtu akitulia. Pepo sijaliona." Mama Seline akapewa chumba chenye madirisha makubwa na Jumanne zote za mwaka. Mzee Ondiek hakuacha dawa zake, lakini baada ya miezi sita alipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu kwa miguu yake, na wodi nzima ikampigia makofi.

Nilipokwenda kumwomba msamaha, hakunihubiria. Alinisogezea kiti tu.

Leo hospitali nne za kanda ya ziwa zimetuma watu wao kujifunza kwake, na darasa linabaki mikononi mwa mwanafunzi wake, Valarie Achola. Jumanne iliyopita wagonjwa walijaa hadi kwenye korido.

Asante, Mama Seline, kwa niaba yetu sote, na zaidi kwa niaba yetu sisi tuliotia saini barua ile. Nenda nyumbani Bungoma kifua mbele. Tunakuombea afya, miaka mingi, na asubuhi zisizo na haraka.