Kilomita Elfu Nane kwa Saa Tatu

Hebu fumba macho kidogo, uone benchi la mbao mbele ya duka la kinyozi, birika la kahawa juu ya jiko la mkaa, na wanaume watatu wameinamia karatasi moja. Ni tiketi ya ndege ya Kinyozi. Bintiye amemwita akamwone mjukuu. Anayeisoma ni dereva wa teksi, aitwaye Ramani kwa sababu hupotea njia kila wiki. Wa tatu ni Gundi, fundi viatu, ambaye tangu asubuhi kahawa haimshuki kooni kwa kijicho.

— Kilomita elfu nane, alisoma Ramani. Kuondoka saa mbili asubuhi, kufika saa tano asubuhi, siku hiyo hiyo.

— Saa tatu! Gundi alicheka. Safari ya saa tatu ndiyo umeinunulia sanduku jipya? Mimi kwa shemeji yangu natumia saa tano, na wala siuagi mtaa mzima!

— Binti alinieleza, bwana, alisema Kinyozi. Saa za kule ziko nyuma ya zetu kwa saa saba. Angani tutakaa saa kumi.

— Saa ni saa! Gundi alibisha. Wahenga walisema, dau la mnyonge haliendi joshi.

— Hilo na ndege wapi na wapi? aliuliza Kinyozi.

— Litafakari.

— Wote hamjui, Ramani akadakia. Ndege ikishapanda, inasimama. Dunia ndiyo inazunguka huko chini. Mji ukipita, rubani anashuka.

— Umesikia, Kinyozi? alisema Gundi. Kumbe hata husafiri! Utaning'inia juu ya paa lako mwenyewe, kisha urudi kuturingia. Na hizo saa tatu wanazivuta makusudi, abiria wasidai nauli yao. Mji wenyewe naujua. Mwanangu yuko huko, mwaka wa sita huu. Ni hapo tu, pua na mdomo.

Mwanamke mmoja, mgeni pale kijiweni, alikuwa amekaa pembeni akingoja Gundi amshonee kiatu.

— Samahani, baba, alisema. Kama ni saa tatu tu, mbona mwanao haji kukuona?

Sindano ilisimama kwenye ngozi. Ramani aligeuza tiketi, akasoma upande usio na maandishi.

Kinyozi alimimina kahawa, akamsogezea Gundi kikombe.

— Ni mbali, ndugu yangu. Kilomita elfu nane si mchezo. Saa kumi angani, na kijana ana kazi… Ni mbali sana.

— Ni mbali, alisema Gundi, safari hii bila kubisha.

Akavuta uzi, akaukata kwa meno.

— Utamtafuta?

— Nikishuka tu.

— Usimwambie nimeuliza. Ila nakuomba ukumbuke kitu kimoja: mtazame viatu. Tangu mdogo hukanyaga upande, soli ya kushoto huisha kwanza. Uje uniambie kama amepata wa kumtengenezea.